Dakika Moja Mkononi: Mapigo ya Mtu Anayeshukiwa Kupatwa na Shtuko la Moyo

Sogea karibu na redio, mama, na kama hapo nyumbani kuna mtu mzima mwenye presha au kisukari, mwite naye asikilize. Leo hatuzungumzi juu ya chanjo wala kuharisha kwa watoto. Tunazungumza juu ya moyo wa mtu mzima, na jinsi wewe unayemwuguza unavyoweza kuuhesabu kwa vidole vyako.

Nianze na swali nililoulizwa. Mama mmoja alinisimamisha sokoni hapa Buna akanivuta pembeni. "Sista," akasema, "usiku ule baba watoto alipobanwa na kifua nilimshika mkono. Moyo ulikuwa unapiga sawasawa, hauendi mbio. Nikasema ni gesi, nikamwacha alale mpaka asubuhi. Nilikosea?"

Nilimwambia kwamba kumshika mkono hakukosea, na wengi hawajui hata kufanya hivyo. Kosa lilikuwa kuuliza mkono swali ambalo mkono hauwezi kulijibu. Mapigo hayawezi kukuambia kama hili ni shtuko la moyo au silo. Wako wagonjwa wanaofika hospitali na shtuko la moyo linaloonekana wazi kwenye kipimo, na mapigo yao ni 75 au 80, sawa na yako wewe uliyekaa hapo ukinywa chai ya maziwa ya ngamia. Mapigo yana kazi nyingine. Mtu akishakuwa na dalili za moyo, mapigo yanaonyesha moyo huo umeelemewa kiasi gani na mgonjwa yuko katika hatari ya kiasi gani. Dalili ndizo zinazokuambia utafute gari. Mapigo yanamwambia nesi atakayempokea jinsi ya kukimbia naye.

Shtuko la moyo ni nini? Moyo ni msuli, na kama msuli wowote unahitaji damu ya kuulisha. Damu hiyo hupita katika mishipa myembamba iliyouzunguka moyo wenyewe. Mmoja wa mishipa hiyo ukizibwa na donge la damu, sehemu ya msuli iliyo mbele ya kizibo hukosa chakula na hewa, na baada ya muda huanza kufa. Haifi yote kwa mara moja, inakufa kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Ndiyo maana kila saa ina thamani, na ndiyo maana nahuzunika nikisikia "nilimwacha mpaka asubuhi".

Dalili zenyewe wengi mnazijua kwa wanaume: kifua kubana kama kimewekewa gunia la sukari, maumivu kupanda shingoni, kwenye taya au kushuka mkono wa kushoto, jasho la baridi, pumzi kukatika. Kwa akina mama, kwa wazee na kwa wenye kisukari mambo huwa ya kificho. Mama anaweza asiseme kabisa kwamba kifua kinauma. Atasema amechoka ghafla hawezi kuinua dumu, au anahisi kutapika, au mgongo unauma kati ya mabega, au pumzi haitoshi. Halafu sisi sote, pamoja na mimi nesi, tunasema ni vidonda vya tumbo. Mtu mzima mwenye dalili kama hizo zilizoanza ghafla na zisizotulia kwa dakika 15 akiwa amepumzika, mchukulie kuwa ni moyo hadi kipimo kiseme vinginevyo.

Sasa tuhesabu. Mlaze mgonjwa nusu ameketi, mgongo umeegemea mito au magunia. Geuza kiganja chake kitazame juu. Weka vidole vyako vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, chini kidogo ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba chake. Usitumie kidole gumba chako mwenyewe, kwa sababu kina mshipa wake unaopiga, na utajihesabu wewe badala ya mgonjwa. Usikandamize sana. Ukiupata mshipa, tazama saa. Hata simu ya mulika mwizi ina saa ya kuhesabu sekunde. Hesabu dakika nzima.

Narudia: dakika nzima. Nataka nikueleze kwa nini nashikilia jambo hili, na hapa najishtaki mwenyewe.

Nilipokuwa bado mgeni kazini, katika zahanati moja ambayo sitaitaja, aliletwa mzee mmoja mchungaji na mke wake. Alikuwa analalamika juu ya tumbo la juu, anakunja uso, anataka kutapika. Foleni ya watoto ilikuwa ndefu. Nilimshika mkono sekunde 15, nikapata 21, nikazidisha kwa nne, nikaandika 84. Nikampa dawa ya gesi. Mke wake, ambaye hakuwahi kukanyaga darasa, akasema kwa sauti ya upole, "Mwanangu, mshike tena. Moyo wake unaruka kama mbuzi." Nilikasirika kidogo, lakini nikamshika tena, na safari hii nikaenda dakika nzima. Ilikuwa 112, na haikuwa na mpangilio wowote: matatu ya haraka, kimya, moja, mawili, kimya. Zile sekunde zangu 15 zilikuwa zimeangukia mahali moyo ulipopumzika. Tulimpeleka mbele jioni hiyo. Aliishi, lakini msuli ulikuwa umeshaumia, na hakurudi tena kuchunga ngamia. Siku zote nimejiuliza zile saa mbili za dawa ya gesi zilimgharimu nini. Tangu hapo sizidishi kwa nne.

Ukishahesabu, utapata namba. Kwa mtu mzima aliyepumzika, kawaida ni kati ya 60 na 100 kwa dakika. Kijana anayekimbia na mifugo kila siku anaweza kuwa na 50 na ni mzima kabisa. (Usitumie namba hizi kwa mtoto. Mtoto mchanga akiwa na 130 yuko sawa, na nimewahi kuona mama analia kwa sababu hiyo.) Mtu mwenye dalili za moyo ambaye mapigo yake yamepita 100 akiwa ametulia, huyo yuko katika hatari kubwa zaidi kuliko mwenzake mwenye dalili zile zile na mapigo 75. Akipita 120 ni hatari zaidi. Na aliyeshuka chini ya 50 huku anatoka jasho, anaona kizunguzungu au anaishiwa nguvu, naye usimwone ametulia. Shtuko linapoushika upande wa chini wa moyo linaweza kuharibu mfumo wa umeme unaouamrisha moyo kupiga, na moyo ukawa wa polepole mno.

Kwa nini mapigo hupanda? Fikiria kisima chetu kirefu na mtu anayevuta maji. Akiwa na ndoo nzima, anavuta kwa mwendo wake na birika la ngamia linajaa. Ndoo ikitoboka, kila mvuto unaleta maji machache, na ngamia bado wana kiu ile ile. Atafanya nini? Atavuta haraka zaidi. Moyo uliopoteza sehemu ya msuli wake ni hivyo hivyo. Kila pigo linasukuma damu kidogo, basi unaongeza idadi ya mapigo ili mwili usipungukiwe. Lakini kuna ubaya ndani yake. Mvutaji anayekimbia huchoka na huhitaji chakula zaidi, na moyo huu mshipa wake wa chakula ndio uliozibwa. Kadiri unavyokimbia ndivyo njaa yake inavyozidi. Ndiyo sababu tunakataza mgonjwa wa aina hii asitembee hata hatua ishirini kwenda kwenye gari. Abebwe kwa kiti, kwa blanketi, kwa mkokoteni wa punda, kwa chochote.

Mapigo peke yake ni habari nusu. Nusu nyingine ni presha. Wahamasishaji wa afya ya jamii walipewa mikoba mwaka 2023, na ndani yake mna mashine ya presha. Kama wa kwenu ana yake na betri zina moto, mwite mara moja gari linapotafutwa. Mashine hukupa namba ya juu, namba ya chini, na mapigo. Chukua mapigo uyaweke kando ya namba ya juu. Kwa mtu mzima aliye salama mapigo huwa chini ya namba ya juu kwa mbali, mathalani mapigo 76 na presha ya juu 130. Ukigawanya 76 kwa 130 unapata karibu 0.6. Sasa mchukue mgonjwa mwenye mapigo 108 na presha ya juu 100. Ukigawanya unapata 1.08. Mapigo yameipita presha! Ndoo imetoboka, mvutaji anakimbia, na birika bado halijai.

Hesabu hii ya kugawanya ilielezwa mwaka 1967 na madaktari wawili, Allgöwer na Burri, na mwanzoni ilikuwa kwa ajili ya watu wanaopoteza damu. Wakunga nao huitumia kwa mama anayetokwa damu baada ya kujifungua. Kwa mgonjwa wa moyo, tukiona 0.7 au 0.8 tunaanza kuwa macho, na ikifika 1 hakuna tena mazungumzo ya "tumwangalie kwanza". Wewe nyumbani huhitaji hata kugawanya. Shika hili tu: mapigo yakikaribia au kuipita namba ya juu ya presha, na mtu ana dalili, hali ni mbaya sana.

Huko hospitalini hesabu ni ndefu zaidi, lakini nataka ujue kwamba namba yako imo ndani yake. Mwaka 2001 madaktari wa Marekani walichapisha kipimo chepesi kinachohitaji vitu vitatu tu: umri, mapigo, na presha ya juu. Unagawanya umri kwa kumi, jibu unalizidisha kwa lenyewe, unazidisha na mapigo, kisha unagawanya kwa presha ya juu. Mtu wa miaka 45 mwenye mapigo 76 na presha 130 anapata karibu 12. Mzee wa miaka 72 mwenye mapigo 108 na presha 100 anapata 56. Waliopita 30 ndio waliokuwa katika kundi la hatari kubwa kuliko yote. Ona tofauti hiyo, na hakuna damu iliyotolewa wala mashine ya mamilioni iliyotumika. Kipimo kingine kinachoitwa GRACE, kilichochapishwa mwaka 2003, kinaongeza kipimo cha figo, kipimo cha damu kinachoonyesha msuli wa moyo umeumia, picha ya umeme wa moyo, maji kwenye mapafu, na kama moyo uliwahi kusimama. Lakini mapigo bado yamo. Hakuna daktari aliyeyatupa.

Kuna jambo jingine la ajabu kidogo juu ya mapigo, na ninalipenda, basi mnivumilie. Watu hudhani moyo mzima hupiga kama saa ya ukutani, tik tik tik, nafasi zote sawa. Sivyo. Moyo mzima una mchezo ndani yake. Ukivuta pumzi unaharakisha kidogo, ukitoa pumzi unapunguza. Nafasi kati ya pigo na pigo hubadilika kwa vipande vidogo vya sekunde ambavyo kidole hakivipati. Mwaka 1987 daktari Kleiger na wenzake huko Marekani walichapisha habari za wagonjwa 808 waliopona shtuko la moyo, ambao mapigo yao yalirekodiwa kwa saa 24. Wale ambao mchezo huo ulikuwa umepotea, yaani moyo unapiga kwa ugumu kama mashine, walikufa kwa zaidi ya mara tano kuliko wale ambao mioyo yao ilibaki na mchezo mwingi. Sababu ni kwamba mishipa ya fahamu inayoulegeza moyo inakuwa imenyamaza, na ile inayouchapa mjeledi imebaki peke yake. Kipimo hicho kinahitaji kifaa cha kuvaa usiku na mchana, na hukipati kila mahali. Nakitaja kwa sababu baadhi yenu mkisikia "mapigo yasiyo sawa" mtachanganya mambo mawili. Mchezo mdogo wa pumzi ni afya, na wewe huuhisi kwa kidole ila kwa vijana. Kurukaruka kusiko na mpangilio, kule kwa mzee wangu wa 112, huko unakuhisi waziwazi, na huko ni ugonjwa.

Sasa tahadhari, kwa sababu sitaki kesho kutwa nione msururu wa akina mama wenye mapigo 104. Mapigo hukimbia kwa sababu nyingi. Homa huyapandisha. Upungufu wa damu huyapandisha, na hapa kwetu kina mama wajawazito wenye damu kidogo ni wengi. Jua la mchana na maji kupungua mwilini huyapandisha pia. Mimba yenyewe, hofu, na msiba, vivyo hivyo. Kama mtu hana dalili yoyote ya moyo, mpe maji, akae kivulini nusu saa, kisha mhesabu tena. Yakibaki juu siku baada ya siku, mlete aangaliwe bila ya kukimbia.

Na miraa. Najua nitalaumiwa, lakini siwezi kuzungumza juu ya mapigo katika nchi hii nikaruka miraa. Ndani ya jani kuna kitu kinachofanana na dawa za kuchangamsha, kinachopandisha mapigo na presha na kuibana mishipa, hata ile ya moyo. Huko Sana'a, Yemen, ambako watu hutafuna jani hilo hilo, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwalinganisha wagonjwa wa shtuko la moyo na watu wasio nalo, na ukakuta watafunaji wako katika hatari kubwa zaidi, hasa wale wanaotafuna sana. Basi mwanamume aliyekaa na kilo yake tangu alasiri, akabanwa na kifua saa mbili usiku na mapigo 118, usiseme "ni handasi tu itaisha". Miraa inaweza kuwa sababu ya mapigo, na inaweza kuwa sababu ya shtuko lenyewe. Mwondolee, na umwambie nesi ukweli kwamba alikuwa anatafuna. Hatumshtaki mtu.

Kuna pia mapigo yanayodanganya kwa upande wa pili. Mgonjwa wa presha anayemeza atenolo au propranolo, dawa hizo huushika moyo usikimbie. Anaweza kuwa na shtuko kubwa na mapigo yake yakabaki 68. Mwenye kisukari cha miaka mingi anaweza asiwe na maumivu kabisa, maana mishipa ya fahamu imeshaliwa na sukari. Kwa watu hawa wawili, jasho la baridi na kukatika pumzi kunatosha.

Ni yapi ya kufanya wakati gari linatafutwa? Kama mgonjwa anaweza kumeza, hana mzio wa aspirini, hatapiki damu wala kutoa choo cheusi, na hana dalili za kiharusi kama mdomo kwenda upande au mkono kulegea, mpe aspirini ya miligramu 300 aitafune, asiimeze nzima. Kama mnazo zile ndogo za 75, atafune nne. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 1988, wenye wagonjwa zaidi ya 17,000, ulionyesha kwamba aspirini peke yake ilipunguza vifo vya wiki tano za kwanza kwa karibu robo. Dawa yenyewe inauzwa dukani kwa bei ya peremende. Msimpeleke kwenye duka la dawa achomwe sindano ya diklofenaki ya "kutuliza kifua". Sindano ile inaweza kuudhuru moyo ulioumia, na inawachelewesha. Na chuma cha moto kifuani, wazee wangu naomba radhi, hakifiki kwenye mshipa uliozibwa. Dua isomwe, na isomwe ndani ya gari.

Akizimia ghafla, haitiki, na hapumui au anakoroma kwa kuvuta hewa mara moja moja, hapo usitafute mapigo hata kidogo. Hata wenye mafunzo hukosea wakitetemeka. Mlaze chali juu ya kitu kigumu, weka viganja viwili katikati ya kifua, na usukume chini kwa nguvu na haraka, kama mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana, mpaka msaada ufike au apumue.

Kutoka hapa Buna hadi Wajir ni zaidi ya kilomita 100, na Moyale nako si mlango wa pili. Dawa ya kuyeyusha donge, pale inapopatikana, husaidia zaidi ikitolewa mapema, na baada ya saa 12 tangu maumivu yaanze faida yake huwa ndogo sana. Ukiondoa saa za usiku za kungoja na saa za barabara, saa 12 si nyingi. Ndiyo maana karatasi ndogo ina thamani kubwa. Chukua daftari la mtoto wa shule uandike: umri wa mgonjwa, saa maumivu yalipoanza, mapigo ya kwanza na saa uliyohesabu, kama yalikuwa na mpangilio au yanarukaruka, presha kama ilipimwa, aspirini ilitolewa saa ngapi, na dawa anazotumia kila siku. Hesabu tena kila nusu saa njiani na uandike. Nesi akiona 88, kisha 96, kisha 114, anajua mgonjwa anateremka hata kama ameingia akitabasamu, na atampigia simu daktari kabla ya kuuliza jina. Beba na kitambulisho chake, kwa sababu tangu Oktoba 2024 mambo ya bima yako SHA na siyo NHIF, na usajili huulizwa mlangoni.

Swali la mwisho, maana muda wetu unakwisha. Bibi mmoja ameuliza kama kile kidude cha kubana kidole, tulichokizoea wakati wa korona, kinatosha kuhesabu mapigo. Kinasaidia, bibi. Lakini kidole kikiwa na baridi au kina hina nzito, au mapigo yakirukaruka, kinaweza kuonyesha namba ya uongo, na hakitakuambia kama mpangilio upo. Kitumie, kisha shika mkono mwenyewe ukilinganisha.

Na yule mama wa sokoni? Tulimpeleka mumewe Wajir akapigwa picha ya umeme wa moyo, ikaonekana alama ya jeraha la zamani. Kumbe usiku ule haukuwa gesi. Sasa anameza dawa zake, na mkewe humhesabu kila jioni baada ya magharibi, kabla ya uji. Kawaida yake ni 66. Ameiandika kwa mkaa nyuma ya mlango, na chini yake namba za simu za madereva wawili.